Malalamiko Rasmi Kuhusu Kompyuta Inayomtii Chacha Peke Yake

Donatus Luhende,
Fundi Simu, Redio na Vinginevyo,
Chini ya Mwavuli Mwekundu, Stendi,
Buseresere.

Kwa Mheshimiwa Mzee Masele,
Mwenye Karasha la Kusaga Mawe ya Dhahabu,
Baba Mzazi wa Paskazia,
Hapa hapa Buseresere.

YAH: KUKATAA KUWAKA KWA KOMPYUTA YAKO, NA MAPENZI YAKE KWA CHACHA

Mheshimiwa Baba,

Shikamoo. Kwa kuwa barua haina mdomo wa kungojea jibu, na kwa kuwa moyo wako naujua, nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako: marahaba, mwanangu. Naomba hilo neno la mwisho ulisome taratibu.

Ningeweza kuja kuyasema haya kwa mdomo, maana kutoka mwavulini kwangu hadi kwako muwa mmoja hauishi kuliwa. Lakini kijana anayeposa hasimami mbele ya baba wa binti akapanga hoja kama wakili, hilo hata sisi tulioishia Kidato cha Pili tunalijua. (Kidato cha Tatu sikukikimbia, kama wanavyosema watu. Niliona nimeshajua vya kutosha, nikawaachia wenzangu dawati.) Tena wewe mwenyewe ulisema hutaki kuniona mpaka mashine iwake. Kwa hiyo barua hii nitampa Mama Paskazia akuletee pamoja na chai. Nimefanya utafiti, nimegundua kwamba ukiwa na chai mkononi hugombi mpaka kikombe kiishe.

Kwanza nikumbushe tulikotoka, asije mtu akasema nimejizulia. Siku ya sherehe ya kipaimara cha mdogo wake Paskazia, nilisema mbele za watu kwamba hakuna mashine iliyokufa, kuna mashine iliyokosa fundi. Maneno hayo nayasimamia mpaka leo, ingawa kwa sasa nayasimamia kwa kuegemea ukuta. Ukainua kichwa kutoka kwenye sahani ya pilau, ukasema babu zetu walimpima mkwe kwa jembe, wakamtazama analima shamba la ukweni mpaka jasho lenyewe liseme tabia yake. Wewe utanipima kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ndiyo ile uliyomnunulia Paskazia afungue duka la kuchapa na kutoa kopi, na ambayo tangu ifike nyumbani inawaka na kuzima, ikishazima haitaki tena kuwaka. Ikiamka ikakaa macho kutwa nzima, wazee wangu waje tuongee. Isipoamka kufikia Jumapili, mlango watafunguliwa wazee wa Adam, yule kijana wa Chato anayechomekea shati hata akienda kuoga ziwani.

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana mgonjwa nilikuwa sijamwona.

Masharti yako niliyapokea yote. Mtu mwingine asiiguse. Nije asubuhi, niondoke kabla ya jua kuzama kama inavyompasa mposaji. Na dada yako, Shangazi Scolastika, akae chumbani muda wote kuhakikisha kwamba ninachokitengeneza ni kompyuta. Nimeyashika. Sasa naomba unisikilize.

1. Kompyuta yako haijui kupokea wageni. Nikiibonyeza, kitaa chake cha kijani kinawaka, feni inavuta pumzi, kioo kinaanza kupambazuka, halafu pu! Giza. Ni sawa na mtu uliyempigia hodi, akafungua mlango nusu, akakuona ni wewe, akafunga. Nimeisalimia kwa Kiswahili. Nimeisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, kila moja kwa wakati wake. Shangazi akanionya nisiichanganyie lugha, huenda ndiyo sababu imechanganyikiwa. Mtoto wa kwetu akifanya hivyo anafinywa sikio. Hii nimeizunguka pande zote, sikio sijaliona.

2. Siku ikijisikia, inaamka kidogo na kuonyesha picha ya kilima chenye majani mabichi yaliyonona, bila ng'ombe hata mmoja. Mama Paskazia alisimama pale akaitazama picha ile kwa uchungu, akauliza wenye malisho hayo wamehamia wapi. Kabla sijajibu, ikazima. Tangu siku hiyo anaamini ilizimwa na swali lake, na akipita chumba kile anapita kimya kama yupo kanisani. Kompyuta inayomnyamazisha Mama Paskazia ina makosa, ingawa nakubali kwamba wengine mngeiona ina faida.

3. Mara nyingine badala ya kilima inaleta kioo cha buluu kilichojaa Kiingereza. Paskazia, ambaye Kiingereza chake kilifika Kidato cha Nne na hakijarudi, alitutafsiria: mashine imepatwa na tatizo, inaomba tumwone msimamizi wake. Tatizo gani, haisemi. Sasa msimamizi wake ni nani kama si wewe uliyeinunua? Nikakutumia salamu karashani kwamba mashine inakuita. Jibu lililorudi silirudii hapa, maana barua hii inaweza kuangukia mikononi mwa Paroko.

4. Matibabu nimetoa yote yanayojulikana na baadhi ambayo nimeyavumbua mimi. Niliifungua tumbo mbele ya mashahidi. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la kutosha kuotesha mchicha. Nikalitoa kwa brashi ya viatu, nikapuliza lililobaki kwa pampu ya baiskeli. Shangazi hakukubali vumbi lile limwagwe. Alilipeleka kwenye karai, akaliosha kama wanavyoosha mchanga wa dhahabu mwaloni, akatafuta chembe ya dhahabu mpaka maji yakaisha. Hakupata. Akasema kompyuta hii hata vumbi lake ni bahili. Nikabadilisha waya. Nikang'oa vipande vya ndani, nikavisugua miguu kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa, nikavirudisha kila kimoja kwao. Ilibaki skrubu moja, lakini hiyo nadhani walioiweka walikosea. Shangazi akataka kuinyunyizia maji ya baraka. Nikamsihi anyunyizie meza tu, baraka zitapanda zenyewe. Meza sasa iko imara sana.

Na usiniambie iliharibika kiwandani, Baba. Dukani Geita iliwaka mbele ya macho yako bila kubembelezwa, ukaibeba kwa furaha ukaikalisha kiti cha mbele, Mama Paskazia akakaa nyuma. Imefika kwako ndipo ikaanza maringo.

5. Hapa ndipo penyewe. Naomba ushike kikombe vizuri.

Kompyuta inamtii Chacha. Ndiyo, Chacha huyu huyu mwendesha karasha lako, anayeshinda nyuma ya ukuta wa chumba kile akilisha mawe, mpaka kope zake zimekuwa za rangi ya tofali. Siku ya kwanza alikuja kuomba maji ya kunywa. Kasimama mlangoni, mimi nimebonyeza kwa kukata tamaa tu, ikawaka! Ikakaa! Chacha akaitazama, akacheka, akasema mbona nzima hii, akanywa maji yake, akaenda zake. Hajamaliza hata kurudi kazini vizuri, ikazima. Nikasema ni bahati. Kesho yake akaja kuazima spana, ikawaka tena. Alipoondoka na spana, ikaondoka nayo. Halafu ikaja ile siku mkanda wa karasha ulipokatika. Chacha alikaa kizingitini anaushona bila haraka, anapiga mluzi. Kompyuta ilikaa macho muda wote ule, nikacheza nayo karata nikaifunga, nikaona sasa nimeoa. Mkanda ukaisha kushonwa, Chacha akajinyoosha, akaenda. Nilikuwa nimeshika turufu mkononi, Baba. Giza.

Mtu asiye na elimu angeishia kushangaa. Mimi nilifanya majaribio ya kisayansi. Nilimsimamisha Shangazi mlangoni pale pale alipokuwa amesimama Chacha: haikuwaka. Nikampa maji kwa kikombe kile kile: haikuwaka, na Shangazi akasema ameshiba maji. Mwisho nikaazima kofia ya Chacha, nikajipaka vumbi usoni mpaka kwenye kope, nikapiga hodi, nikaomba maji kwa sauti nzito ya kwao Tarime. Haikuwaka. Paskazia alicheka mpaka akakaa chini, akasema kama kompyuta haijadanganyika basi ina akili kuliko fundi wake. Neno hilo nimelisamehe, kwa kuwa amelisema yeye.

6. Kutokana na majaribio hayo, nimefikia hitimisho. Sisemi Chacha ana dawa. Mimi ni Mkristo, tena fundi. Nasema tu kwamba mashine haiwezi kumpenda mtu bila sababu, na mtu hawezi kupendwa na mashine iliyo nyumba moja na binti asiwe na lengo. Nimeona vilevile kwamba Chacha akiomba maji, Paskazia anampa kwa bilauri ya kioo. Mimi napewa kwa kikombe cha plastiki kilichoumwa ukingo. Nimekuwa nikikinywea upande wa pili. Ukiunganisha hayo na ukweli kwamba Chacha na Adam wote wawili wamewahi kuonekana wakinunua vocha kwenye kibanda kimoja, picha inajichora: Adam amemtuma Chacha, Chacha ameifundisha kompyuta, kompyuta inanidhalilisha mpaka Jumapili ifike. Au pengine Chacha anamzunguka hata Adam. Au kompyuta inawazunguka wote wawili, na kilichobaki ni yenyewe kupeleka washenga Tarime.

7. Jina langu linachafuka. Mimi ndiye niliyeifufua simu ya katekista iliyozama kwenye ndoo ya maziwa ikatoka inaita. Leo watu wakipita mwavulini wananiuliza, Dokta, mgonjwa wako ameshakunywa uji? Jana alikuja mama mmoja na redio yake, akaitoa kwenye kanga, akauliza kama Chacha anapokea na redio.

8. Hili la mwisho naomba niliseme bila mzaha, halafu nitarudia mzaha wangu. Kibao cha duka la Paskazia kimeshachorwa, herufi nyekundu na kivuli cheusi, kazi nzuri. Kimeegemezwa kikiwa kimeelekea ukutani. Kila asubuhi anakigeuza, anakifuta vumbi, anakitazama, anakirudisha kuelekea ukuta. Mimi nakuwa nimeinama kwenye kompyuta, najifanya natafuta skrubu. Kama Adam ana kompyuta nzima huko Chato sijui, labda atampa akachape barua za Adam. Mimi nataka achape za kwake. Nataka kibao kile kiangalie barabara. Basi, nimemaliza.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo. Kwanza, Chacha aondolewe pale nyumbani mpaka Jumapili ipite. Simtakii mabaya. Apewe likizo, apewe na michembe ya kutafuna njiani, ila aende mbali, kompyuta isahau harufu yake. Kama Chacha hawezi kuondolewa, basi naomba kinyume chake: aamriwe kukaa mlangoni kwenye kigoda tangu kukicha hadi jioni, asifanye kazi yoyote, ili mashine ikae macho kutwa kama ulivyotaka. Mawe yatangoja. Dhahabu haiozi.

Ikishindikana hilo, naomba kompyuta itengwe kama sungusungu wanavyomtenga mtu asiyehudhuria misiba. Asiwepo wa kuisalimia. Asiwepo wa kuiazima moto. Hata umeme isipewe, tuone kiburi chake kitawaka na nini.

Na ikishindikana hilo pia, nirudishie mtihani wa babu zetu. Nipe jembe! Nionyeshe shamba lako lililo gumu kuliko yote, hata lile la mawe ambalo ng'ombe walilikataa. Nitalilima huku naimba. Au basi, kama ni haki tunayotafuta, Adam naye aketishwe mbele ya mashine hii, Shangazi pembeni, Chacha akiwa mbali, tuone shati litabaki limechomekewa.

Nafunga hapa, si kwa kukosa maneno bali kwa kumwonea huruma atakayekusomea ukiwa umesahau miwani. Mwambie Mama Paskazia ugali wa jana ulinifikia mahali pake. Shangazi Scolastika msalimie, mwambie meza bado ina baraka. Mdogo wake Paskazia aendelee kushika mafundisho. Ng'ombe wote wasalimie kwa majina yao. Chacha msalimie pia, lakini kwa kifupi. Paskazia usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe kwa kikombe cha plastiki.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,

Donatus Luhende
Fundi, na jingine unalijua

N.B. Baba, kama umefika hapa ukiwa umekasirika, rudisha pumzi. Mambo yamebadilika kabla sijamkabidhi Mama barua hii, na karatasi ya kuandikia nyingine sina.

Asubuhi hii nimekuta Chacha hayupo. Amepanda basi la kwanza kwenda Shinyanga, mke wake amejifungua katika hospitali ya Kolandoto. Kumbe Chacha ana mke! Anaitwa Salome, amejifungua mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Kwa hiyo lile la sita lifute lote, na ile bilauri ya kioo Paskazia ameniambia alikuwa anampa kwa sababu yeye ni mgeni wa watu, anakuja, anakunywa, anaondoka. Mimi, anasema, vikombe vya mgeni vitanizoesha vibaya. Nimelala na maneno hayo macho wazi ingawa ni asubuhi.

Basi nikaingia chumbani, nikabonyeza. Ikawaka. Chacha yuko njiani anakwenda Shinyanga, nayo imewaka! Nikaanza kumtangazia Shangazi kwamba nilisema, mchawi kaondoka na uchawi umeondoka, nikaimba, nikacheza. Nilipochoka kuimba nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwako. Nilisikia kuku wanatembea. Nikasikia Mama Paskazia anachambua mchele uani. Nikainua macho, taa ya chumbani ilikuwa nyeupe pee, na mimi siku zote nilijua ile rangi yake ya chai ya rangi ndiyo iliyozaliwa nayo.

Karasha lilikuwa kimya, Baba. Chacha hayupo, hakuna wa kulilisha. Na Chacha akija kuomba maji, kuazima spana au kushona mkanda, lilikuwa kimya vilevile, maana mtu hawezi kuwa mlangoni na karashani kwa wakati mmoja. Nikaenda kumwomba kijana anayembebea Chacha mawe, ambaye kulilisha hajui ila kuliwasha anajua, aliwashe kidogo tu. Likanguruma, taa ikageuka chai, kompyuta ikafa. Akalizima, nikabonyeza, ikafufuka. Tumerudia mpaka Shangazi akasema tuache kumuua mtoto wa watu. Karasha na nyumba yako vinanyonya waya mmoja, na karasha liking'ata jiwe linameza umeme wote. Kompyuta inabaki inalamba sufuria. Na kwa kuwa ulikataza asiyekuwa mimi kuigusa, na mimi mposaji natakiwa nitoke kabla jua halijazama, na kabla ya hapo mliijaribu mchana tu, hakuna aliyewahi kuijaribu saa ambazo karasha limelala.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote dhidi ya kompyuta nayaondoa. Haina maringo wala kiburi, na Chacha haimpendi, ilikuwa inampa shukrani tu. Mkosaji ni karasha. Lakini kulalamikia karasha la baba wa binti sikufundishwa kwetu, na mtihani wako umesema kompyuta ikae macho kutwa nzima. Leo, ukiacha majaribio yetu, tangu asubuhi haijasinzia. Paskazia yuko mbele yake hivi sasa anachapa, hataki hata kuitwa kula. Uje uone mwenyewe kabla hujampata mtu wa kukulishia mawe.

Ila na mimi ni fundi, lazima niseme ukweli wa kitaalamu. Karasha hutalizima, maana ndilo linalotulisha, na mimi nategemea liendelee kutulisha. Kompyuta na karasha haviwezi kulala nyumba moja. Itabidi kompyuta ihame. Kuna fremu tupu ya duka pale stendi, imetazamana na mwavuli wangu, na umeme wake unatoka nguzo nyingine kabisa, nimehakikisha. Sasa kompyuta haiwezi kwenda huko peke yake bila Paskazia, kwa kuwa ndiye ajuaye kuchapa. Na Paskazia, binti wa nyumba yenye heshima, hatoki kwako kwenda kushinda mbele ya mwavuli wa mtu kabla ng'ombe hawajaingia zizini.

Hilo sikulipanga mimi, Baba. Ni umeme. Wazee wangu wameshavaa viatu.